Rafu ya Mdogo Wangu



Jumapili iliyopita, wakati wa kukomunisha, wengi wenu mliona plasta kwenye kidole gumba changu cha kushoto. Baada ya Misa mama mmoja wa WAWATA aliniuliza kama nimejikata na kisu cha jikoni, na mzee mmoja wa Baraza la Walei akasema kwa utani kwamba padre amechoka kuandika mahubiri, sasa anapasua kuni. Nawashukuru kwa kunihurumia. Halikuwa kosa la kisu wala la shoka. Patasi iliniteleza nilipokuwa nikimalizia rafu ya kuwekea michezo ya video ya mdogo wangu, huko Morogoro. Nimeona wiki hii niwashirikishe habari hiyo, kwa kuwa kazi ile imenifundisha mambo kadhaa kuhusu mbao, na jambo moja kuhusu mimi mwenyewe ambalo nimechelewa mno kulijua.

Mdogo wangu ni kitinda mimba wa mama yetu. Ni fundi wa vifaa vya umeme. Anatengeneza redio, televisheni na simu katika kibanda kilicho mbele ya nyumba yake. Kwa miaka ishirini hivi amekuwa akikusanya michezo ya video, mmoja mmoja, kutoka kwa wateja, kwa wauza mitumba na katika safari zake za Kariakoo. Mwezi Machi mvua za masika ziliponyesha mfululizo, maji yalipita chini ya mlango na kuyafikia maboksi yaliyokuwa uvunguni mwa kitanda. Majalada ya karatasi yaliota ukungu. Shemeji yangu alinipigia simu akasema, “Shemeji, wewe ulisoma useremala seminarini. Njoo utuokoe, maana huyu ndugu yako ameyaanika magemu yake kitandani, sisi tunalala chini.”

Mdogo wangu mwenyewe hakuniomba. Hilo nililiona tangu mwanzo, nami nilijua sababu yake, au nilidhani naijua.

Hapa sina budi kurudi nyuma. Mwezi Desemba mwaka 2001 nilikuwa frateri, nikisoma falsafa, nami nilirudi nyumbani likizo nikiwa na imani kwamba nimekwisha kuelewa ulimwengu. Mdogo wangu alikuwa na miaka kumi na mitatu. Baba yetu alikuwa amefariki. Mama alinieleza kwamba kijana anashinda mbele ya televisheni akicheza, na maendeleo yake shuleni yameshuka. Akaniomba nizungumze naye. Hayo tu ndiyo aliyoniomba: nizungumze naye. Mimi sikuzungumza. Nilichukua kaseti zake za michezo, zile za plastiki ya njano ambazo wengi wenu wenye umri wangu mnazikumbuka, nikaenda nazo uani na kuzitumbukiza katika shimo la choo, moja baada ya nyingine. Zilikuwa kumi na moja. Naikumbuka idadi kwa sababu nilizihesabu kwa sauti, ili ajifunze. Alisimama mlangoni akitazama. Hakulia. Nilichukulia ukimya wake kuwa ni dalili ya toba, na usiku ule nililala vizuri.

Tangu nilipopewa daraja la upadre, mdogo wangu hakuniita tena “kaka”. Ananiita “Padre”. Watu hunipongeza kwa heshima anayonipa.

Basi mwezi Juni, nikiwa katika siku zangu za mapumziko, nilikwenda Morogoro. Nilichagua Juni kwa makusudi, kwa kuwa ni majira ya kipupwe. Hewa ni kavu na mbao hazinyonyi unyevu. Kabla ya kununua chochote nilimwomba hesabu ya vitu vyake. Alinipa kwa maandishi: kaseti 58, diski za PlayStation ya kwanza 131, za PlayStation 2 zilikuwa 162, na za mashine zilizofuata 84. Jumla yake ni 435. Nilikiri moyoni kwamba sikujua kama mtu mzima mwenye familia anaweza kuwa na vitu hivyo 435, tena akavijua vyote kwa majina kama mchungaji ajuavyo mbuzi wake.

Jioni ile alinieleza mambo ambayo sikuyajua, nami nayaeleza hapa kwa faida ya wazazi wanaodhani kwamba vitu hivi ni takataka zinazong’aa. Alisema zile kaseti za njano ni uzao wa mashine iliyotolewa na kampuni ya Nintendo huko Japani mwaka 1983, ambayo baadaye iliigwa na viwanda vingi vya Asia. Kwa njia hiyo ya kuigwa ndipo ilipofika katika sebule zetu. PlayStation ya kwanza ilitoka Japani Desemba 1994. Ya pili ilifuata Machi 2000, na hakuna mashine nyingine ya michezo iliyouzwa kwa wingi kuishinda: zaidi ya milioni 155. Alifungua kaseti moja akanionyesha betri ndogo ya duara ndani yake. Betri ile ndiyo inayotunza kumbukumbu ya mahali mchezaji alipofikia. Ikifa, kumbukumbu yote inafutika, hata kama kaseti yenyewe ni nzima. Hivyo yeye hubadilisha betri hizo kwa kuzilehemu upya. Kuhusu diski za CD alisema kwamba watu huogopa mikwaruzo ya upande unaong’aa, ilhali upande ulio hatarini zaidi ni ule wenye maandishi, kwa sababu utando wa alumini unaobeba taarifa umekaa chini kidogo tu ya rangi ile. Ndiyo maana diski haziwekwi kwa kulundikana. Husimamishwa wima ndani ya majalada yake, mbali na jua na unyevu.

Kisha akasema neno lililonifanya niweke kikombe cha chai chini. Mwaka 2023 taasisi ya Marekani inayohifadhi historia ya michezo hiyo, Video Game History Foundation, ilichunguza michezo iliyotolewa nchini humo kabla ya mwaka 2010. Iligundua kwamba asilimia 87 yake haipatikani tena sokoni. Mtu anayetaka kuiona sharti ampate aliyeitunza. “Padre,” aliniambia, “kitabu kikiisha dukani utakikuta maktaba. Hivi maktaba yake ni chini ya vitanda vya watu kama mimi.”

Siku ya pili nilichora. Nilitaka rafu ndefu na nzuri, mbao za mita moja na nusu bila nguzo katikati, kama nilivyowahi kuona katika maktaba ya seminari kuu. Mdogo wangu aliutazama mchoro kwa muda mrefu, kisha akasema kwa upole, “Padre, hii itapinda.”

Nilimwambia mzigo si mkubwa. Tulichukua mizani ya sukari tukapima michezo kumi ya PlayStation 2 pamoja na vijitabu vyake: kilo moja na gramu 200. Ubao wenye urefu wa sentimita 75 ungebeba michezo 50, yaani kilo sita. Kilo sita ni nini kwa ubao? Lakini mdogo wangu ni fundi, na fundi wa kweli haulizi tu mzigo ni kiasi gani. Anauliza pia utakaa muda gani. Mbao ina tabia hii: ukiuegemea ubao kwa nguvu mara moja na kuondoka, unarudi ulivyokuwa, lakini mzigo mdogo ukiukalia usiku na mchana kwa miaka, ubao hulegea polepole na kubaki umepinda, hata ukiuondolea mzigo wake. Isitoshe, ukiongeza urefu wa ubao mara mbili, na kila sentimita yake ikabeba uzito uleule, haupindi mara mbili bali mara 16. Na ukiongeza unene wake mara mbili, kupinda kunapungua mara nane. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya rafu ni nguzo kuwa karibu, na ya pili ni unene. Urembo hufuata baadaye.

Ninyi mnajua kwamba nilipaswa kuyafahamu hayo. Wale wa kwaya mnaikumbuka rafu ya vitabu vya nyimbo niliyoitengeneza kwa chipubodi, ndefu kama meza ya harusi; baada ya miaka miwili ilikuwa imepinda katikati kama machela, na kila aliyeipita aliiinamia kwa heshima akidhani ndivyo ilivyokusudiwa. Chipubodi huchoka haraka kuliko mbao halisi. Nilikuwa nimeficha kosa lile kwa kuweka tofali chini yake na kulifunika kwa kitambaa. Leo nimelitangaza, na tofali mnaweza kuliondoa.

Basi tulichora upya, safari hii yeye akishika penseli. Nguzo tatu za wima zenye urefu wa mita 1.8, zikigawa rafu katika safu mbili, kila safu ikiwa na upana wa sentimita 75 na nafasi sita. Tulinunua mbao za msindano kutoka Mufindi, moja kwa nane, zenye urefu wa futi 12. Hesabu ilidai mbao sita. Tulinunua saba, na ikawa vyema, kwa maana moja ilikuwa imejipinda kama parafujo. Namna ya kuichunguza mbao ni kuishika ncha moja, kufumba jicho moja, na kuitazama kwa urefu wake kama mtu anayelenga shabaha. Muuzaji hatapenda. Chunguza hivyo hivyo.

Baada ya kupigwa randa zilibaki na unene wa milimita 22 na upana wa sentimita 19, unaotosha kwa majalada yenye kina cha sentimita 13 na nusu. Mbele ya kila ubao tuligundisha ukanda mwembamba wa mninga uliosimama wima, wenye kimo cha sentimita nne. Wageni watadhani ni pambo tu, lakini ukanda ule ndio uti wa mgongo wa ubao. Umesimama, nao hauruhusu ule uliolala kupinda.

Bruda mzee aliyetufundisha useremala katika seminari ndogo hakupenda rafu inayoning’inia kwenye misumari. Alitufundisha kuchonga mfuo katika nguzo, wenye upana sawa na unene wa ubao na kina cha milimita nane, kisha kuingiza ncha ya ubao humo kwa gundi. Hapo mzigo hauubebi msumari; unabebwa na mbao yenyewe. Mifuo ilikuwa 28, na kila mmoja ulidai kupimwa, kuchorwa kwa skweya, kukatwa kingo kwa msumeno na kutolewa nyama kwa patasi. Ilituchukua siku tatu. Binti yake wa miaka saba alikusanya maranda katika ndoo na kuniuliza kila baada ya dakika tano, “Baba mkubwa, bado?” Nami nilijibu, “Bado.” Katika siku tatu zile mimi na mdogo wangu tulizungumza sana juu ya milimita. Hatukuzungumza juu ya jambo lingine lolote.

Rafu ikasimama. Tuliikagua kwa pima maji, tukaweka kabari mahali sakafu ilipokuwa imelala, na tukaifunga ukutani kwa vyuma vya pembe na skrubu, kwa maana rafu ndefu na nyembamba ikipandwa na mtoto humwangukia. Tuliacha nafasi ya sentimita tatu kati yake na ukuta ili hewa ipite. Ukuta wa tofali za saruji hunyonya unyevu, na mbao iliyoegemezwa kwake huota ukungu mgongoni bila mtu kuona. Ubao wa chini kabisa tuliuinua sentimita 15 kutoka sakafuni. Maji yakija tena, yapite chini.

Yafuatayo ni maelezo ya umaliziaji, nayo ndiyo yaliyonishinda subira. Mbao hupigwa msasa kwa kufuata nyuzi zake, kamwe si kwa kuzikata: kwanza namba 80, kisha 120, kisha 180. Hufutwa vumbi kwa kitambaa chenye unyevu kidogo. Kisha vanishi nyembamba ya kwanza inayozama katika vinyweleo vya mbao, na ikikauka, unyoya wa mbao unaosimama husuguliwa kwa msasa namba 240. Halafu vanishi ya pili, na ya tatu, kila moja ikisubiriwa siku nzima. Vitambaa vilivyolowa vanishi ya mafuta visifinyangwe na kutupwa pembeni, kwani mafuta yale yanapokauka hutoa joto, na vitambaa vilivyorundikwa vinaweza kushika moto vyenyewe. Vitandazwe nje au vizamishwe majini.

Siku ya tano baada ya vanishi ya mwisho rafu ilikuwa kavu mkononi na inang’aa kama kiti cha enzi. Nilipaswa kurudi parokiani kwa ajili ya Dominika, nami nilitamani kuiona imejaa kabla sijaondoka. Mdogo wangu alikataa. Vanishi, alisema, hukauka juu kwa siku moja lakini hukomaa ndani kwa majuma. Ukiweka plastiki juu yake kabla haijakomaa, vitu hivyo viwili hushikana. Nilibisha. Hakubishana nami, alichukua jalada moja tupu lisilo na thamani, akaliweka juu ya ubao, na juu yake tofali. Asubuhi tulipolivuta lilitoka pamoja na ngozi ya vanishi, likaacha kovu lenye umbo la mstatili. Alipiga msasa mahali pale, akapaka upya, akasema, “Mwezi mmoja, Padre.” Nikapanda basi nikarudi kwenu mikono mitupu.

Nilirejea wiki mbili zilizopita. Harufu ya vanishi ilikuwa imekwisha. Ukucha haukuacha alama. Tulianza kupanga, mdogo wangu akisoma majina kutoka kwenye daftari lake na mimi nikipokea na kusimamisha. Wakati fulani alitoka kumhudumia mteja, akaniachia daftari. Nilifungua ukurasa wa kaseti. Juu yake kulikuwa na kichwa cha habari: “Za zamani”. Chini yake yalikuwepo majina kumi na moja. Tisa yalikuwa na alama ya vema kwa kalamu nyekundu, na mwaka kando ya kila moja: wa kwanza 2006, wa mwisho 2019. Mawili hayakuwa na alama.

Shemeji aliona nimesimama. Alidhani nashangaa mpangilio. “Hizo ndizo zilizomchotesha maji, shemeji,” alisema akicheka. Nikamwuliza maji gani. Ndipo aliponieleza, bila kujua anamweleza nani, kwamba katika zile kumi na moja zilizopotea, nne hazikuwa za mume wake. Alikuwa ameziazima kwa kijana wa jirani. Ili kuzilipa aliichotea maji familia ile kila asubuhi kabla ya kwenda shule, tangu Januari hadi Pasaka. Mama yetu alijua. Alimkataza asiniambie, ili masomo yangu yasivurugike.

Ndugu zangu, mimi huketi katika kiti cha kitubio kila Jumamosi. Huwaambia watu kwamba anayeiba na kutubu bado ana deni la kurudisha alichochukua, kwani msamaha haufuti deni la mwenye mali. Nimeyasema hayo kwa miaka mingi kwa sauti ya upole. Siku ile, nikiwa nimeshika daftari lile, nilihesabu miezi ya ndoo za maji, na miaka ya mtu mzima anayetafuta sokoni, moja baada ya nyingine, vitu ambavyo kaka yake alivihesabu kwa sauti.

Nilifanya jambo pekee nililoweza kulifanya kwa mikono. Unene wa kaseti moja ni kama milimita 18. Kumi na moja zinahitaji sentimita 20. Katika nafasi ya juu, inayolingana na macho, nilipima sentimita 20 na nusu, nikaanza kuchonga mifuo miwili mipya ya kigawanyo, juu na chini. Mikono haikutulia. Patasi ikapanda juu ya fundo la mbao na kuingia kidoleni.

Mdogo wangu alirudi akanikuta nikivuja damu juu ya ubao wake uliomalizika. Alichukua kitambaa na tepu ya umeme akanifunga kidole bila kuuliza. Kisha akaona nilichokuwa nachonga, na daftari lililokuwa wazi.

Nilimwambia, “Mdogo wangu, mwaka 2001 nilikukosea. Nilichukua kisichokuwa changu, na kumbe kingine hakikuwa hata chako, nikakitupa mbele ya macho yako. Naomba unisamehe.”

“Yameshapita, Padre,” alijibu.

Aliokota patasi, akaendelea kuchonga pale nilipoishia. Alichonga vizuri kuliko mimi. Baada ya muda alisema, bila kunitazama, “Ile ya sarakasi uliitupa mwisho. Nilidhani hiyo utaniachia, kwa sababu tulikuwa tunaicheza wote.”

Sikuwa na la kujibu. Nilikuwa nimesahau kabisa. Krismasi ya mwaka 2000 mimi na yeye tulikesha tukimrusha yule mchekeshaji aliyepanda simba kupita katika mapete ya moto, tukicheka hadi mama akatutishia mwiko. Nilikuwa nimeifuta furaha ile katika kumbukumbu zangu ili niweze kuihukumu ya mwenzangu.

Kigawanyo kiliingia kwa kubana. Alikishika juu, mimi nikiwa chini na nyundo ya mbao, nacho kikaanza kuteleza. “Kaka,” alisema, “shika hapo, kinatoka.” Nikashika.

Wapendwa, sisemi kwamba mama yetu alikosea kuwa na wasiwasi. Mtoto anayeshinda mchana na usiku mbele ya kioo anahitaji mtu wa kumrudisha duniani. Mtakatifu Carlo Acutis, kijana wa Italia aliyefariki mwaka 2006 akiwa na miaka 15, na kutangazwa mtakatifu tarehe 7 Septemba 2025, alikuwa na PlayStation yake kama watoto wenzake. Inasimuliwa kwamba alijiwekea mpaka wa saa moja kwa wiki. Mpaka ule aliuweka mwenyewe, kwa uhuru wake, kwa kuwa alikuwa na jambo alilolipenda zaidi. Mimi sikumpa mdogo wangu la kupenda zaidi. Nilimnyang’anya tu. Mzazi, mlezi, katekista: kabla hujatupa kitu cha mtoto, keti naye akueleze ni nini. Huenda utamwekea mpaka. Huenda hata utakiondoa. Lakini utakuwa umekiondoa ukijua uzito wake, naye atakuwa amekusikia ukiuliza.

Na ninyi mlio watu wazima, ambao mna ndugu anayewaheshimu mno kuliko anavyowapenda, chunguzeni heshima hiyo. Mzigo mdogo uliokaa miaka mingi pasipo nguzo hupinda mbao. Rafu haikulipa deni langu. Aliyelipa ni yeye, kwa ndoo. Lakini imenipa mahali pa kusimama karibu naye kwa muda wa kutosha ili niambiwe ukweli.

Sasa niwaombe jambo. Katika kigawanyo kile zimo kaseti tisa, na nafasi mbili ziko wazi. Moja ni ya mchezo uitwao Ice Climber, nyingine ni ule wa sarakasi, Circus Charlie. Kama kuna mwenye kaseti hizo za njano katika sanduku la zamani, au kwa shangazi kijijini, asizitupe. Anitafute ofisini siku yoyote isipokuwa Jumatatu. Nitanunua kwa bei yake wala sitaomba punguzo.

Nawatakia Dominika njema, na Mungu azibariki familia zenu.

Padre wenu.